NYUMBA NA AFYA: Hofu ya Kipimo cha Utumbo Mpana na Namna ya Kuikabili

Kati ya vipimo vyote ambavyo daktari aweza kumwandikia mtu mzima, ni vichache vinavyoleta ukimya nyumbani kama kile cha utumbo mpana. Askari aliyekwisha kulala mahandakini, au konstebo aliyezoea kuwafukuza wezi usiku wa manane, hurudi kutoka hospitali na karatasi mfukoni, akaificha chini ya godoro, wala asimwambie mkewe. Mke naye, akiandikiwa yeye, huona heri avumilie tumbo lake kuliko kwenda kulala ubavu mbele ya watu asiowajua. Siku hupita, tarehe hufika, na kitanda alichowekewa hospitalini hubaki kitupu.

Kipimo chenyewe, ambacho waganga hukiita kolonoskopi, si kigumu kukieleza. Mgonjwa hulazwa kwa ubavu wa kushoto na kupewa dawa ya kumtuliza au ya usingizi. Kisha daktari huingiza kwa njia ya haja kubwa mpira mrefu unaopindika, wenye unene wa kidole hivi, na wenye taa na kamera ndogo kwenye ncha yake. Kwa mpira huo huutazama utumbo mpana wote, ambao kwa mtu mzima una urefu wa kama mita moja na nusu. Aghalabu kazi hiyo haifiki saa moja. Akiona kijinyama kimeota ukutani mwa utumbo, aweza kukikata papo hapo kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya mpira ule ule. Ukataji wa namna hii ulianza mjini New York mwaka 1969 kwa kazi ya madaktari William Wolff na Hiromi Shinya. Kabla ya hapo, kijinyama kilichoota juu ndani ya utumbo kilihitaji tumbo kupasuliwa.

Watu wengi waliokwisha kupimwa husema neno moja: kipimo hawakukisikia, bali kilichowahangaisha ni siku mbili tatu za kabla yake. Katika siku hizo mtu hutakiwa kubadili chakula, kisha kuacha kula kabisa, kisha kunywa dawa ya kuharisha mpaka utumbo uwe mtupu. Ni siku hizo pia ambazo wengi hughairi. Kwa sababu hiyo yafaa matayarisho hayo yaelezwe waziwazi, kwa kuwa yako mikononi mwa mgonjwa mwenyewe na watu wa nyumbani mwake.

HOFU SI MOJA

Mtu akiulizwa anaogopa nini, hujibu, "Naogopa kile kipimo." Lakini akikaa na mwenzake na kulifungua neno hilo, huona kwamba ndani yake mna hofu nyingi ndogo zilizofungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Ipo aibu ya kuonekana uchi. Ipo hofu ya ile dawa ya kunywa. Ipo hofu ya njaa, na ya choo kilicho mbali na nyumba. Ipo hofu ya mkubwa wa kazi, ya sindano ya usingizi, na mwisho kabisa, hofu ya majibu.

Mzigo wa kuni haubebeki mpaka utenganishwe. Njia inayofaa ni mgonjwa kuchukua karatasi, aandike kila hofu kwa mstari wake, na mbele yake aandike jina la mtu awezaye kuiondoa. Juu ya dawa, ataulizwa muuguzi. Juu ya kazi, ataulizwa mkubwa wa zamu. Juu ya choo na maji, ni jambo la kupanga na mama watoto. Hofu iliyopata mtu wa kuulizwa huwa ni shughuli kama shughuli nyingine, na askari amezoea kutimiza shughuli.

AIBU

Wazee walisema kwamba mficha uchi hazai. Methali hiyo huwakumbusha watu kwamba kuna mambo mema yasiyopatikana bila kuivuka aibu. Mwanamke ajifunguaye hulijua hilo kuliko mwanamume, na pengine ndiyo sababu wake wengi hulipokea shauri la kipimo hiki upesi kuliko waume zao.

Historia ya Uganda yenyewe ina mfano wa kuiondoa aibu hii. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, aliyekuwa ametumikia kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuja kufanya kazi Uganda mwaka 1946, kwanza Lira, kisha Mulago. Jina lake limebaki katika saratani ya taya za watoto, ambayo aliieleza mwaka 1958. Lakini mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kazi nyingine ambayo mtu mwenye haya asingeithubutu: walipima kwa mizani choo cha watu. Mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza na wake zao walitoa kwa siku kiasi cha gramu 100 hivi. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400. Chakula cha wale wa kwanza kilikaa mwilini zaidi ya siku tatu. Cha wanakijiji kilipita kwa siku moja na nusu.

Elimu iliyotoka humo ilienea dunia nzima. Basi mgonjwa ajue kwamba daktari na wauguzi watakaompokea wameuona utumbo wa watu wengi kabla yake, na kwao ni kazi kama vile fundi wa magari anavyofungua injini. Hupewa vazi la hospitali lililo wazi nyuma, hufunikwa shuka, na hufunuliwa pale tu panapohitajika. Mwanamke apendaye kuhudumiwa na muuguzi wa kike ana haki ya kuomba hivyo mapema, siku ya kuandikiwa tarehe, wala si kosa wala si usumbufu.

"HUU NI UGONJWA WA WAZUNGU"

Iko kauli isikikayo mara nyingi kambini, kwamba saratani ya utumbo ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri. Kauli hiyo haikuzuka bure. Burkitt mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 1971, alionyesha kwamba ugonjwa huo ulikuwa adimu kwa Waafrika wa mashambani, na akaona sababu kubwa kuwa chakula chao chenye makapi mengi: ulezi, maharagwe, mboga za majani, mihogo, na nafaka zisizokobolewa.

Lakini tangu wakati huo maisha yamebadilika. Watu wengi wamehamia mijini na makambini, wanakula mkate mweupe, chipsi na nyama za kukaanga, wanakunywa soda na pombe kali, na wengi hukaa kwenye kiti kutwa. Kumbukumbu za wagonjwa wa saratani za Kampala, ambazo zilianza kutunzwa katika miaka ya 1950, zimeonyesha ugonjwa huu ukiongezeka mwongo baada ya mwongo. Kwa hiyo askari wa leo asijifariji kwa tumbo la babu yake.

Dalili zinazomfanya daktari aandike kipimo hiki ni kama hizi: damu katika choo; choo kilichobadilika kwa majuma kadhaa, kikawa cha kuharisha au kufunga bila sababu; upungufu wa damu usioelezeka kwa mtu mzima; na kukonda bila kukusudia. Kadhalika, mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja alipata saratani ya utumbo yampasa kulisema hilo kwa daktari hata kama yeye haumwi. Wengi huiona damu wakasema ni bawasiri ya kukaa garini. Pengine ni kweli. Lakini macho ya nje hayawezi kuona mita moja na nusu ya ndani, na bawasiri haimkingi mtu na ugonjwa mwingine.

CHAKULA KINACHOGEUKA

Hapa ndipo mama wa nyumba huchanganyikiwa. Miaka yote amefundishwa kliniki na redioni kwamba familia ile maharagwe, dodo, ulezi na matunda. Sasa mumewe arudi na karatasi isemayo kwamba kwa siku mbili au tatu kabla ya kipimo asile hata kimoja katika hivyo. Wengine hudhani karatasi imekosewa, wakaendelea kumpikia kama kawaida kwa huruma.

Karatasi haikukosewa. Makapi yale yale ambayo hufaa utumbo kila siku, kwa kuwa hayayeyuki, ndiyo hubaki ukutani na kuifunika kamera. Mbegu moja ya pera yaweza kuziba kijitundu cha mpira wa daktari. Ganda la harage laweza kukificha kijinyama kilicho chini yake. Kwa siku hizo chache tu, basi, chakula hugeuzwa.

Vinavyoachwa ni maharagwe, njegere na kunde; karanga na simsim; mahindi na ulezi, pamoja na uji wake; mboga za majani; na matunda yenye mbegu kama pera, pesheni, papai na nyanya. Vinavyofaa ni wali mweupe, mkate mweupe, viazi vilivyomenywa na kuchemshwa, mayai, samaki asiye na miiba, na kuku asiye na ngozi. Mama aweza kupika sufuria moja ya wali na samaki wa kuchemsha kwa nyumba nzima, ili mgonjwa asile peke yake kama aliyetengwa. Watoto hawatadhurika kwa siku tatu za wali mweupe, na baba atapata moyo.

Siku ya mwisho kabla ya kipimo, chakula kigumu huachwa kabisa, na mgonjwa hunywa vile tu vionekanavyo hadi chini ya gilasi: maji, chai isiyo na maziwa, supu ya mifupa iliyochujwa vizuri, maji ya glukosi, na maji ya matunda yaliyochujwa yasiyo na nyama ya tunda. Maziwa hayaruhusiwi, wala soda nyekundu au ya zambarau, kwa kuwa rangi yake ndani ya utumbo yaweza kudhaniwa damu. Pombe ya namna yoyote, ikiwa ni waragi au malwa, haina nafasi siku hiyo.

Njaa ya siku moja humtisha mtu kuliko inavyomwumiza. Aliyezoea kufunga Ramadhani au Kwaresima anajua kwamba saa ngumu ni ile ya kwanza ya jioni, wakati harufu ya vitunguu inapotoka jikoni kwa jirani. Gilasi ya supu ya chumvi saa hiyo husaidia sana, na peremende isiyo nyekundu aweza kuimumunya. Mwislamu aliyepangiwa tarehe katikati ya mfungo na aulize kama kipimo chaweza kungoja hadi baada ya Idi. Daktari akisema hakingoji, basi afuate ruhusa ambayo dini yenyewe humpa mgonjwa.

DAWA YA KUSAFISHA

Dawa hii mara nyingi ni unga unaoyeyushwa katika maji, wa lita 2 hadi 4 kwa jumla, kulingana na aina aliyopewa mgonjwa. Haifanyi kazi kwa kuunguza wala kwa kukwaruza tumbo, kama wengine wanavyohofia. Unga huo huyashika maji yasifyonzwe mwilini, nayo maji hayo hupita yakiufagia utumbo.

Siku hizi hospitali nyingi hugawa dawa sehemu mbili, kwa sababu utumbo uliosafishwa usiku tu huanza kujipaka uchafu tena kabla ya asubuhi. Chukuliwe mfano wa koplo aliyeandikiwa kipimo saa nne asubuhi. Sehemu ya kwanza ataianza saa kumi na mbili jioni ya kuamkia siku hiyo. Sehemu ya pili ataianza saa kumi alfajiri, na kuimaliza saa kumi na mbili, kisha hatakunywa kitu mpaka apimwe. Kuamka saa kumi humchukiza raia, lakini kwa mtu wa lindo si jambo geni. La muhimu ni kufuata saa zilizoandikwa kwenye karatasi yake mwenyewe, wala si za jirani aliyepimwa mwaka jana.

Ladha yake ni ya chumvichumvi, na wengi huilalamikia kuliko kitu kingine. Yapo mambo machache yanayosaidia:

1. Dawa ichanganywe mapema na kupozwa, kwani ya baridi hunyweka kuliko ya vuguvugu.

2. Inywewe gilasi moja kila baada ya dakika 10 au 15, kwa mafunda makubwa, si kwa kuonja onja. Mrija ukiwekwa nyuma ya ulimi hupunguza ladha.

3. Kipande cha limau kilambwe baada ya kila gilasi.

4. Kichefuchefu kikija, mgonjwa apumzike nusu saa, atembee chumbani, kisha aendelee polepole. Asiache kabisa.

5. Blanketi liwe karibu, kwa kuwa maji mengi ya baridi huleta kutetemeka.

6. Mafuta ya mgando yapakwe mapema kwenye ngozi ya njia ya haja, kabla haijachubuka, na ngozi ikaushwe kwa kitambaa laini kwa kugusa tu, si kwa kusugua.

Saa moja au mbili zaweza kupita bila tumbo kutikisika, na mgonjwa akaanza kuona dawa imeshindwa. Haijashindwa. Ikishaanza, huja kwa mfululizo. Alama ya kwamba kazi imekwisha ni choo kuwa maji matupu ya rangi ya manjano, yanayoonekana hadi chini kama chai nyepesi. Kama asubuhi bado ni ya kahawia yenye vipande, hilo lisifichwe. Aelezwe muuguzi pale pale mlangoni. Daktari asiyeona vizuri hulazimika kuandika kipimo kirudiwe, na mgonjwa atakuwa ameibeba hofu yote bure.

Mtu akitapika mfululizo, akipata maumivu makali ya tumbo, au akiona kizunguzungu cha kuanguka, aache dawa na wapigiwe simu wauguzi, au apelekwe hospitali iliyo karibu.

DAWA NYINGINE ZA MGONJWA

Jambo hili lisingoje siku ya mwisho. Siku ile ya kuandikiwa tarehe, mgonjwa apeleke vidonge vyake vyote kwa daktari, vikiwa katika pakiti zake. Mwenye kisukari anahitaji kuelezwa kipimo cha insulini au vidonge kwa siku asiyokula, ama sivyo sukari itashuka kwa hatari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache wala kuziendeleza kwa kukisia. Vidonge vya madini ya chuma huachwa kama juma moja kabla, kwa kuwa huufanya uchafu wa utumbo kuwa mweusi na wa kunata. Dawa za shinikizo la damu kwa kawaida huendelea. Mwenye maradhi ya moyo au figo yampasa kusema waziwazi, kwa sababu baadhi ya dawa za kusafisha hazimfai. Na yule atumiaye dawa za kila siku ambazo hapendi wengine wazijue, amwambie daktari faraghani na amwulize saa ya kuzimeza, ili zisitoke pamoja na maji kabla hazijafanya kazi.

CHOO, MAJI NA SAFARI

Katika vitabu vya hospitali huandikwa tu kwamba mgonjwa akae karibu na choo. Familia inayoishi katika safu za nyumba za kambi, ambako choo kimoja hutumiwa na nyumba nne au sita na kiko mwendo wa hatua hamsini, huona maneno hayo kama mzaha. Hofu hii ni ya haki, nayo ina dawa yake.

Kwanza, ndoo yenye kifuniko iwekwe chumbani, na maji kidogo yenye dawa ya kuua vijidudu, kwa ajili ya usiku. Hapana aibu katika hilo; kila nyumba iliyouguza imewahi kuitumia. Pili, maji yachotwe tangu mchana, madumu mawili au matatu, pamoja na sabuni na taa. Tatu, jirani mmoja anayeaminika aambiwe maneno machache tu: "Mwenzangu anatumia dawa ya tumbo usiku huu." Jirani akijua, hatashangaa kusikia mlango ukifunguliwa mara kumi. Nne, watoto walale chumba kingine au kwa shangazi yao, ili mgonjwa asione kwamba anatazamwa.

Familia inayotoka mbali ina jambo jingine la kufikiri. Mtu wa Arua au Moroto yuko zaidi ya kilomita 400 kutoka Kampala, na hapana awezaye kunywa dawa hii kisha akapanda basi. Akipangiwa hospitali ya Kampala yampasa kufika angalau siku moja kabla, alale kwa ndugu au mahali penye choo cha ndani, na ndugu huyo aambiwe ukweli. Wengi hughairi kwa kukosa pa kulala kuliko kwa kuogopa mpira, nao huona haya kusema hivyo. Yafaa jambo hili liulizwe siku ya kuandikiwa tarehe, si siku ya safari.

KAZI NA SILAHA

Askari hapaswi kumweleza mkubwa wake habari za tumbo lake. Cheti cha daktari kisemacho kwamba atakuwa hospitalini tarehe fulani, na apumzike siku inayofuata, kinatosha. Lakini neno moja yampasa kulisema waziwazi: baada ya dawa ya usingizi, kwa muda wa saa 24, mtu haruhusiwi kuendesha gari wala pikipiki, kushika mashine, wala kutia sahihi hati nzito. Kwa askari, hiyo ina maana ya kutoshika silaha na kutopangwa lindo. Afande anayejali vijana wake atayaona hayo kuwa ni usalama wa kambi nzima.

Kwa sababu hiyo hiyo mgonjwa huhitaji mtu mzima wa kumsindikiza na kumrudisha nyumbani. Dawa ya kutuliza huacha kichwa chepesi, na maneno ya daktari husahaulika njiani. Msindikizaji ndiye atakayeyasikia na kuyaandika. Wapo wenye hofu kwamba watatamka siri wakiwa usingizini. Wengi hulala tu, na kama neno limetoka, watumishi wa hospitali wamefungwa na kanuni za kazi yao wasilitoe nje.

Hatari zipo, ingawa ni chache, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa kabla ya kutia sahihi. Utumbo waweza kutoboka, jambo ambalo hutokea kwa mtu mmoja hivi katika elfu au pungufu ya hapo, na panapokatwa kijinyama damu yaweza kutoka. Gesi na tumbo kujaa baadaye ni kawaida, na hutoka kwa kujamba, jambo ambalo siku hiyo ni la kushangilia. Lakini maumivu makali, homa, au damu nyingi baada ya kurudi nyumbani ni sababu ya kurudi hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

HOFU YA MAJIBU

Hii ndiyo hofu ya chini kabisa ya mzigo, na zile nyingine mara nyingi huwa zimeifunika. Mtu husema ladha ya dawa ni mbaya, kumbe anaogopa kuambiwa kwamba ana saratani na kuwaacha watoto wadogo.

Ni vema ajue jinsi ugonjwa huu unavyokua. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama kijinyama kisicho na maumivu, na kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi kumi hivi, kugeuka kuwa saratani. Vijinyama vingi havigeuki kabisa. Katika miaka hiyo yote kinaweza kukatwa katika kipimo hiki hiki, na mgonjwa akarudi nyumbani jioni ile ile. Ndiyo maana huko Marekani, tangu mwaka 1985 ulipotokea mfano mmoja mashuhuri, watu wengi zaidi walifahamu kipimo hiki. Mwezi Julai mwaka huo Rais Ronald Reagan, Amiri Jeshi Mkuu wa nchi hiyo, alipimwa katika hospitali ya jeshi la majini huko Bethesda. Ilionekana nyama kubwa iliyokwisha kuanza kugeuka saratani. Siku iliyofuata alikabidhi madaraka kwa Makamu wake, George Bush, kwa muda wa saa zipatazo nane, akapasuliwa na sehemu ya utumbo ikaondolewa. Wakati huo alikuwa na miaka 74. Alimaliza kipindi chake cha urais na kuishi hadi mwaka 2004. Tangu mwaka 2021 washauri wa afya wa nchi hiyo wameshusha umri wa watu wasio na dalili kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45.

Pengine majibu yatakuwa mazito. Hata hivyo, kipimo hakiiumbi saratani. Kama ipo, ilikuwapo tangu mgonjwa alipoficha karatasi chini ya godoro. Tofauti ni kwamba iliyoonekana mapema ina tiba, na Uganda imekuwa na Taasisi ya Saratani huko Mulago tangu mwaka 1967. Wazee walikwisha kusema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.

KAZI YA MWENZI

Mke au mume wa mgonjwa ana kazi tatu katika siku hizi, nazo hazihitaji elimu ya uganga. Ya kwanza ni kuuliza karatasi iko wapi na kuisoma pamoja na mwenziwe, neno kwa neno, juma zima kabla ya tarehe. Ya pili ni kutunza saa: kuchanganya dawa, kuhesabu gilasi, na kuamka saa kumi alfajiri ili mgonjwa asiamke peke yake. Ya tatu ni kutomcheka mbele ya watu, wala kumsimulia baadaye kwenye bomba la maji. Wakicheka wawili chumbani, hiyo ni dawa. Kikitoka nje, mwanamume huyo hatakwenda tena kupimwa, wala rafiki zake hawatakwenda.

Baada ya kipimo, chakula cha kwanza kiwe chepesi, uji mwembamba au chai na mkate. Kesho yake, kama daktari hakukataza, maharagwe, dodo na ulezi hurudi mezani, na yafaa vibaki hapo. Majibu ya vijinyama vilivyokatwa huweza kuchukua siku kadhaa kutoka maabara. Tarehe ya kuyafuata iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, mahali ambapo nyumba nzima itaiona.